Kutoka Inverness mpaka Tobermory kwa boti: Mfereji wa Caledonian na bahari ya magharibi ya Uskoti

Ijumaa, Inverness

Tumefika Muirtown saa mbili usiku na jua bado liko juu, mwezi wa sita huku Uskoti linazama saa nne na kitu, na Isha ukiisubiri utakesha. Boti ni ya shemeji yangu, moto yoti ya mita 12, injini moja ya dizeli, vyumba viwili vya kulala, jiko la gesi, hita, na usukani uko sehemu mbili, ndani na juu. Tuko wanne: shemeji ndo nahodha, dada, mpwa wangu anayesoma sekondari, na mimi wa kutoka Tanga niliyekulia kwenye ngalawa na madau lakini mfereji wenye mageti sijawahi kupita hata mmoja.

Mpango ni kupita Mfereji wa Caledonian kutoka huku mashariki mpaka Corpach upande wa magharibi, halafu tutoke baharini, tushuke Loch Linnhe mpaka Oban, tupande Sound of Mull, mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Mull na bara, tuishie Tobermory. Mfereji wote ni kama kilomita 97, ila uliochimbwa na watu ni kama kilomita 35 tu, kwingine kote ni maziwa, Dochfour, Ness, Oich na Lochy, yamejipanga kwenye bonde moja lililonyooka kwa sababu chini yake kuna ufa mkubwa wa ardhi. Loki ziko 29. Kwa asiyeijua loki, ni chumba cha mawe chenye mageti mbele na nyuma, chombo kinaingia, geti linafungwa nyuma yako, maji yanafunguliwa kuingia au kutoka mpaka yalingane na ya mbele, halafu unaendelea na safari ukiwa juu zaidi au chini zaidi ya ulipokuwa.

Niseme mapema kitu kimoja maana watu wakisikia moto yoti wanawaza injini na mbio. Mferejini mwisho ni noti 5, kama kilomita 9 kwa saa, mtu wa baiskeli kwenye njia ya pembeni anakupita huku anapiga simu. Kazi yote iko kwenye kamba, na ukishatoka baharini kazi inahamia kwenye saa ya maji kujaa na kupwa. Injini ipo ikusaidie hayo mawili tu.

Jumamosi, Muirtown mpaka Dochgarroch

Asubuhi kabla ya kuondoka tumetembea kwa miguu mimi na mpwa mpaka Clachnaharry, pale mfereji unapokutana na bahari. Panashangaza ukijua palivyojengwa. Ufuoni ni tope tupu na maji mafupi, meli zisingeweza kusogea karibu, kwa hiyo mhandisi Thomas Telford na watu wake walimwaga udongo wa mfinyanzi na mawe kwenda mbele baharini, wakauacha utulie na kushindilika kwa uzito wake wenyewe, halafu ndo wakachimba loki katikati ya hilo tuta. Mwaka 1803 walianza, mfereji ukafunguliwa 1822. Hawakuwa na mashine za kuchimba kama za leo, ni sururu, koleo, mikokoteni na farasi, na maelfu ya vibarua wa milimani, wengi wao watu waliokuwa wananyang'anywa mashamba na wenye ardhi ili wafugwe kondoo. Serikali ilitaka mambo mawili, vyombo visizunguke ncha ya kaskazini kwenye bahari kali na manowari za Ufaransa, na watu wa milimani wapate kazi wasihamie wote Marekani na Kanada. Mpaka unakamilika vita na Napoleon vilishaisha na meli za mvuke zilishaanza kuwa kubwa kuliko loki, lakini mawe yake bado yanafanya kazi mpaka leo, miaka mia mbili na zaidi.

Basi tukaita kwa redio, chaneli 74, mlinzi wa loki akajibu tusogee. Muirtown ni loki nne zimefuatana, na hapa ndo nilipoelewa kwa nini shemeji wiki nzima alikuwa ananitumia video za kamba. Ukiwa unapanda unaingia chini kabisa, ukuta wa mawe uko juu yako umelowa una kijani, unamrushia mlinzi kamba, anaizungusha kwenye ndoano yake pale juu, ncha nyingine inabaki na wewe mkononi. Mtu mmoja omo, yaani mbele ya boti, mmoja tezi, yaani nyuma. Maji yakifunguliwa yanachemka kutoka mbele, rangi ya kahawia na povu, na omo inataka kukimbilia katikati, hapo unavuta kidogokidogo kamba inavyolegea, ukichelewa boti inajipinda, ukivuta kwa pupa inagonga ukuta na fenda, zile za kukinga ubavu, zinalia. Mtu wa omo ndo mwenye mzigo. Shemeji alinipa omo na mikono ilikuwa inawaka mpaka nikavaa glavu.

Loki ya kwanza ikijaa hushuki, dada na mpwa wanachukua kamba kule juu ukutani wanatembea nazo, wanaivuta boti mpaka loki inayofuata, na injini iko taratibu sana. Mpwa alipenda hiyo kuliko chochote, "anko mi naburuza tani 12 kwa mkono!" Na kweli, kitu kinachoelea ukikivuta bila papara kinakuja.

Baadaye daraja la Tomnahurich likazunguka kutupisha, magari foleni pande zote mbili. Masaa ya watu kwenda na kutoka kazini huwa hawalifungui kabisa, lazima upange muda wako. Tumelala Dochgarroch, gati la mbao, bata wengi, dada kapika pilau.

Jumapili, Loch Ness

Unapita Loch Dochfour, unapita mnara mdogo wa taa wa Bona, halafu ghafla mbele hakuna mwisho. Kilomita 37 hivi za maji zimenyooka, milima pande zote mbili inaingia majini moja kwa moja bila ufuo. Kina kinafika mita 230 na maji yaliyomo humu ni mengi kuliko ya maziwa yote ya Uingereza na Wales ukiyaweka pamoja. Rangi yake ni chai ya rangi, kwa sababu ya mboji inayoshuka na mito, ukichota kwenye glasi unaiona kabisa.

Watu huwa wanaliona ni ziwa tu, maji baridi, litakufanya nini. Upepo wa kusini-magharibi ukiingia kwenye hili bonde hauna pa kutokea, unakuja umenyooka urefu wote wa ziwa na unasukuma mawimbi mafupi yenye vichwa vilivyosimama, siyo yale mapana ya bahari kuu ambayo chombo kinapanda na kushuka kwa raha. Tuliyapata kuanzia saa tano asubuhi. Boti ikawa inapigapiga, maji yanaruka mpaka kioo cha juu, shemeji akapunguza mpaka noti 5 na akawa anayapokea kwa pembeni kidogo ya omo. Vikombe vyote viliwekwa kwenye sinki mapema. Maji ni ya baridi kali mwaka mzima na chini kabisa yako kwenye nyuzi 6 hivi, kwa hiyo jaketi okozi hakuna aliyevua, hata jikoni.

Tulipunguza mbele ya ngome ya Urquhart, magofu kwenye rasi upande wa kaskazini, wanajeshi waliokuwa wanakaa humo wenyewe waliilipua 1692 wakati wanaondoka ili maadui wao wasiitumie. Mbele kidogo kuna jiwe la kumbukumbu la John Cobb, huyu alikuja hapa 1952 na boti ya injini ya jeti kutafuta rekodi ya dunia ya spidi majini, akazidi maili 200 kwa saa, boti ikasambaratika akafa palepale. Nimelitazama hilo jiwe muda mrefu. Maji yanaonekana mepesi mpaka uyagonge kwa kasi ile.

Kuhusu yule mnyama wa hadithi anayesemekana anaishi humu ziwani, ndio kila gati linamuuza, kofia, vikombe, masoksi. Habari zake zilishika kasi 1933 na ile picha maarufu ya mwaka uliofuata ilikuja kujulikana ni ya kutengeneza. Mie kilichonigusa zaidi ni ndege. Siku ya mwisho ya mwaka 1940 ndege ya vita aina ya Wellington ilitua kwa dharura humu ziwani ikazama, ikakaa chini huko mpaka 1985 ndo wakaiopoa, na sasa iko makumbusho kusini mwa Uingereza. Hiyo ipo, unaweza kwenda kuiona.

Fort Augustus tumefika saa kumi, tumefunga boti chini ya loki, wote tumelala kabla jua halijazama.

Jumatatu, Fort Augustus mpaka Laggan

Loki tano katikati ya kijiji. Watalii wamekaa kwenye nyasi pande zote na aiskrimu zao wanakuangalia unavyorusha kamba, na hapo ndo unajua umeshajifunza au bado. Tulikuwa boti nne kwenye chumba kimoja, mbili za kukodi zina familia za Wajerumani, na moja ya matanga. Mlinzi anakupanga nani aende ukutani nani afungwe ubavuni kwa mwenzake, na ni mtu mtulivu sana, anaita kila mtu kwa jina la boti yake. Saa nzima mpaka juu.

Baada ya hapo kelele zinaisha kabisa. Loki ya Kytra iko peke yake msituni, nyumba moja ya mlinzi, maua, mbwa, na hakuna barabara unayoisikia. Halafu Cullochy, halafu unaingia Loch Oich na hapo ndo juu kabisa ya mfereji, mita 32 juu ya bahari. Hapa kuna kina kifupi sehemu nyingi, unafuata maboya na huchezi nje ya mstari. Kumbuka boti imepanda hizi mita zote kwa maji tu, hakuna pampu wala winchi ya kuvuta, ni maji ya milima yanaingia juu na kuteremka pande zote mbili, mashariki na magharibi, na kila chombo kinachopita kinashusha chumba kizima cha maji.

Jioni tumepita Laggan Avenue. Huu ni mkato walioupasua kwa kina kirefu kuunganisha Oich na Lochy, kingo zimepandwa miti ili udongo usiporomoke, na sasa hiyo miti imekua inakutana karibu juu ya kichwa. Shemeji akazima redio, injini iko chini kabisa, mwanga unapenya kwenye majani unacheza juu ya omo. Hakuna aliyeongea kama dakika ishirini. Kama mtu ana siku moja tu kwenye mfereji huu basi aje kipande hiki, mie Loch Ness nitampisha.

Jumanne, Loch Lochy na Gairlochy

Mvua siku nzima. Loch Lochy kilomita 16, hatukuona mlima hata mmoja. Hili ziwa walilipandisha usawa wake karibu mita 4 wakati wa ujenzi na mto wake wakauchepusha. Loki mbili za Gairlochy, sasa tunashuka. Chini yake kuna daraja la Moy la chuma, la mwisho kati ya yale ya mwanzo kabisa, limegawanyika mara mbili, zamani mlinzi alikuwa anafungua nusu moja kwa mkono, anavuka kwa kimtumbwi, anafungua ya pili, chombo kikipita anarudia yote tena kufunga. Mvua ilipokata ukaja usubi, wadudu wadogo kabisa wanaouma kwenye nywele na masikioni, funga madirisha yote mapema, hakuna dawa nyingine.

Jumatano, Ngazi ya Neptune

Banavie. Loki nane zimeunganishwa, geti la chini la hii ndo la juu la inayofuata, unashuka karibu mita 20 ndani ya mita kama 450, ndo ngazi ndefu kuliko zote za Britania. Ukisimama juu kabisa unaona mageti yote yamepangana kwenda chini, halafu bahari, halafu mlima Ben Nevis wenye mita 1,345 umekaa kushoto na mabaka ya theluji ambayo mwezi wa sita bado hayajayeyuka.

Kushuka ni tofauti kabisa na kupanda na watu wengi wanakuwa wamezembea kwa sababu maji hayachemki, boti inateremka kimyakimya tu. Hatari iko kwenye kamba. Ukiifunga kwenye kile chuma cha sitahani ukaenda kunywa chai, maji yanashuka na boti inabaki imening'inia kwa kamba, upande mmoja unainuka, na hapo kamba imekaza haifunguki, labda uikate. Kwa hiyo unaizungusha mara moja tu kwenye chuma na mkono hautoki, unaiachia inchi kwa inchi. Mpwa alikuwa tezi safari hii. Nilimtazama vidole vyake, kidole gumba kiko nje ya mzunguko wa kamba kama baba yake alivyomfundisha, macho ukutani anahesabu mawe yanavyotokea moja baada ya jingine, yakiwa yamelowa yanatiririka. Alishuka loki zote nane hivyo bila kuambiwa kitu.

Siku hizi mageti yanaendeshwa kwa haidroliki, mlinzi anabonyeza, ila zile mashine za zamani za kuzungusha kwa nguzo za mbao baadhi wameziacha pembeni zikiwa zimepakwa rangi. Mpaka miaka ya 60 ilikuwa ni watu wanazunguka nazo, loki nane, mvua jua. Sisi tumechukua saa moja na nusu na kidogo.

Chini ya ngazi kuna madaraja mawili ya kuzunguka, la barabara na la reli, na treni haingojei boti. Tukasubiri, na ikapita treni ya mvuke inayokwenda Mallaig, moshi mweupe, abiria wanatupungia na sisi tunawapungia. Mpwa alirekodi yote. Tumelala Corpach, bwawa la mwisho kabla ya bahari, harufu ya chumvi imeshaanza na mie nikajisikia nimekaribia nyumbani.

Alhamisi, Loch Linnhe na mkondo wa Corran

Leo kamba zimepumzika. Mwezi ulikuwa mpevu juzi kwa hiyo ni bamvua, yale maji makubwa, na bamvua ya huku inapanda na kushuka mita 3 na kitu, haiko mbali na ya kwetu Pwani. Loki ya bahari ya Corpach inafanya kazi kama masaa manne kabla na manne baada ya maji kujaa. Maji yalijaa saa moja asubuhi, tukatoka saa mbili na nusu yameshaanza kupwa, na hiyo ndo shemeji alikuwa anaitaka.

Sababu ni Corran. Loch Linnhe ni mkono mrefu wa bahari, na pale Corran unabanwa mpaka pantoni ya magari inavuka kwa dakika chache tu. Maji yote ya juu lazima yapite hapo kwenda baharini na kurudi, kila siku mara mbili. Bamvua mkondo unafika noti 5 na zaidi. Boti yetu inatembea noti 7 kwa raha. Fanya hesabu mwenyewe, ukija kinyume unabakiwa na noti 2 za kusogea, unachoma dizeli umesimama mbele ya mnara wa taa uleule nusu saa. Ukija na maji ni habari nyingine.

Tulifika karibu saa nne. Kwa mbali unaona uso wa maji umebadilika, mbele ni laini yanang'aa kama mafuta halafu kuna mstari, na baada ya mstari yanazunguka, vimbunga vidogovidogo vinafunguka na kufunga. Boti ikashikwa. Usukani unautembeza huku na huku na omo inajibu kwa kuchelewa, shemeji akaongeza injini kidogo, siyo kwa ajili ya mbio, ni ili usukani upate maji ya kukamata. GPS ikasoma noti 11. Pantoni ilikuwa imesimama ng'ambo, tulishawasiliana, ikatusubiri tukapita. Dakika chache imeisha, maji yakatanuka yakatulia.

Mzee wangu alikuwa anasema chombo hakishindani na mkondo, kinaomba njia. Mabaharia wa Uskoti nao wanatembea na kitabu cha saa za maji mfukoni, na kila ulipofunga gati swali la kwanza ni maji yanajaa saa ngapi.

Baada ya Corran tukazima injini tukaacha boti ielee, tukashusha mishipi yenye manyoya ya kuku. Vibua wa huku ni wanene, wana mistari mgongoni, wanakuja watatu wanne kwa mshipi mmoja. Dada akawapasua palepale, chumvi, ndimu, pilipili, kikaangoni. Wale samaki wamekaangwa kabla hata hawajajua wametoka majini, sijawahi kula vibua hivyo tangu nitoke Tanga.

Oban tumeingia saa kumi jioni, taratibu sana kwa sababu meli za visiwani zinaingia na kutoka na mlango ni mwembamba, wao wakubwa wapite kwanza.

Ijumaa, Sound of Mull

Tumetoka mapema, kulia mnara wa taa wa Lismore uliojengwa 1833, kushoto Lady's Rock, mwamba ambao maji yakijaa unafunikwa kabisa. Inasimuliwa kwamba karne ya 16 mkuu mmoja wa ukoo wa Maclean alimwacha mkewe hapo afe maji, wavuvi wakamwokoa. Mikondo miwili inakutana hapohapo na maji yanachafuka hata siku isiyo na upepo, boti ilicheza robo saa hivi. Ngome ya Duart iko juu ya jabali inakutazama unavyohangaika. Ukishaipita unaingia Sound of Mull na ni shwari, milima kushoto, milima kulia, sili wamelala kwenye mawe.

Tobermory saa nane mchana. Nyumba za ukingoni zimepakwa nyekundu, njano, buluu, waridi, mji ulianzishwa 1788 kwa ajili ya uvuvi na bado boti za uvuvi zimo. Chini ya ghuba hii kuna mabaki ya meli ya Wahispania iliyolipuka 1588, watu wamezamia kutafuta dhahabu karne kwa karne na wamepata vitu vichache tu.

Kwa mtu anayetaka kujaribu, boti za kukodi mferejini hazihitaji leseni, wanakufundisha kwanza halafu unaondoka, ila mwisho wako ni mferejini, baharini hawakuruhusu. Hiyo inatosha kabisa kwa wiki moja, panda na familia, chukua glavu na makoti ya mvua, na yule mwenye subira kuliko wote mpe kamba ya omo. Kutoka Corpach kwenda mbele nenda na mtu anayeijua hii bahari na jedwali la maji kujaa na kupwa la siku hiyo mkononi.

Shemeji anarudi kwa kupitia Mfereji wa Crinan, kilomita 14, loki 15, umefunguliwa 1801, na huko loki nyingi zinafunguliwa kwa kusukuma boriti la geti kwa mgongo. Mpwa ameshaanza kumwomba mama yake ruhusa.